Karatasi mbili, pweza mmoja: namba ipi ya kushika?

Kikao kilikuwa barazani, hapa Amu, yaani mji wa Lamu, baada ya sala ya alasiri. Jambo lenyewe lilikuwa hili: tufunge kipande cha mwamba kwa miezi michache ili pweza apate kukua, au tuuache wazi? Zikawekwa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema pweza amepungua nusu nzima. Ya pili ilisema pweza ameongezeka. Zote zilitoka katika daftari lile lile la mzani, na walioziandika ni vijana ninaowaamini. Hakuna aliyebuni hata kilo moja. Lakini watu walianza kugawanyika, kila mmoja akaishika karatasi iliyompendeza, na kikao kikavunjika bila neno.

Daftari hilo nimeliandika mimi kwa miaka kadhaa. Mwana wa dada yangu, mwenye karatasi ya kwanza, alinijia usiku akiwa na majonzi. "Mjomba, basi tushike ipi?" Nilimjibu kwa urefu, na tangu hapo wengine wameniuliza yale yale kuhusu karatasi nyingine: za chama cha akiba, za kamati ya shule, za muuza kiwanja, za mgombea. Nimeyapanga hapa mbili mbili, namba na mwenzake, ili anayesomewa takwimu ajue ni wakati gani ashike hii na wakati gani ashike ile. Ninapoandika "tuseme", namba ni za mfano tu, kwani daftari ni la kikundi na si langu kulitangaza.

Wiki kwa wiki, au bamvua kwa bamvua?

Naanza hapa kwa sababu ndipo pwani yetu inapodanganywa zaidi, na mara nyingi tunajidanganya wenyewe.

Karatasi ya kwanza ililinganisha wiki mbili zilizofuatana. Ya kwanza ilikuwa wiki ya bamvua, ya pili ya maji mafu, wakati bahari haitoki mbali. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hutoka mbali, mwamba hubaki wazi, na mwenye mkonjo wake, fimbo ya kuwindia pweza, hufika kwenye mashimo asiyoweza kuyafikia siku za maji mafu. Ile nusu iliyopotea haikwenda popote. Ilikuwa chini ya maji.

Kwa hiyo, kwa pweza wa kutembelewa kwa miguu, wiki haifai kuwa kipimo. Linganisha bamvua na bamvua, maji mafu na maji mafu.

Ukipanda ngazi moja juu, unakutana na pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi hivi, kusi ikashika tangu Aprili hadi Septemba, na katikati ya kusi mwenye mtumbwi mdogo hupitisha siku nyingi pwani akitazama mawimbi. Ukiweka samaki wa Januari kando ya samaki wa Juni, umepima upepo, hukupima samaki. Wageni nao hufuata mwendo huo. Malindi na Shela hujaa mwisho wa mwaka, na ifikapo Mei kuna nyumba za wageni zinazofunga milango kabisa. Anayekuuzia hisa ya nyumba ya wageni akikuonyesha mapato ya Desemba na Januari, usimwite mwongo. Mwombe miezi kumi na miwili. Na kwa kuwa samaki na wageni hupungua pamoja wakati wa kusi, kuna atakayekuonyesha mistari miwili ikishuka sambamba na kukuambia mmoja unamvuta mwenzake. Mgeni hamkimbizi samaki. Kusi ndiyo inayowapunguza wote wawili, kila mmoja kwa njia yake.

Dawa inayotolewa kwa kawaida ni kulinganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka uliopita: Januari na Januari, Juni na Juni. Kwa samaki na kwa vyumba vya hoteli ni dawa nzuri. Kwa muuza nguo, hapana. Mwaka 2024 sikukuu ya Idi ya Mfungo Mosi iliangukia tarehe 10 Aprili. Mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi. Nguo za watoto, viatu, buibui na kanzu hununuliwa siku za mwisho za Ramadhani. Basi mwenye duka la nguo akiweka Aprili 2025 kando ya Aprili 2024 ataona biashara imeporomoka, na akiweka Machi na Machi ataona imepaa. Yote mawili si kweli. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka Ramadhani na Maulidi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja katika kalenda ya ofisini. Duka la nguo lipimwe Ramadhani kwa Ramadhani. Mwenye vyumba vya kulaza wanaokuja Maulidi hapa Amu naye apime kwa mwezi wa Maulidi.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya sisi kupata kompyuta. Walikuwa na mwezi kwa ajili ya ibada, na kando yake walihesabu mwaka wa jua wa siku 365 kuanzia Nairuzi, siku yake ya kwanza, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi ili wajue pepo zinageuka lini na chombo kisafiri lini. Hawakuuliza kalenda ipi ndiyo sahihi. Nahodha alishika hesabu ya miongo kwa safari yake, na nahodha yule yule alishika mwezi kwa saumu yake. Kila jozi iliyobaki hapa chini naipima kwa akili hiyo.

Jumla, au kwa kila kichwa?

Sasa karatasi ya pili, iliyosema pweza ameongezeka. Kijana huyu alikuwa makini: alilinganisha msimu wa kaskazi na msimu wa kaskazi, bamvua zote zikiwamo. Kosa lake lilikuwa kwingine. Alijumlisha kilo zote akaishia hapo.

Tuseme msimu mmoja, katika bamvua moja, watu 40 walileta kilo 400. Misimu miwili baadaye watu 70 wakaleta kilo 490. Jumla imepanda kilo 90. Lakini hapo mwanzo kila mtu alirudi na kilo 10, sasa anarudi na 7. Mwamba umezidiwa na miguu, na mzani unasherehekea.

Jumla ina kazi yake. Tajiri anayenunua pweza na kupeleka barafuni anataka kujua ni kilo ngapi zitamfikia. Kwake, 490 ni bora kuliko 400. Mwenye kuuliza hali ya mwamba, au kama kijana wake ataweza kuishi kwa kazi hii, ashike kilo kwa kila mtu. Kama daftari halina safu ya waliotoka, na letu halikuwa nayo kwa muda mrefu, swali la pili halijibiki hata mzani ungekuwa wa dhahabu.

Idadi, au asilimia?

Hapa sihitaji mfano wa kubuni, sensa zetu zinatosha. Kaunti ya Lamu na Kaunti ya Kilifi, ambayo Malindi imo ndani yake, zilihesabiwa 2009 na tena 2019:

| | 2009 | 2019 | Waliozidi | Ongezeko |
|---|---|---|---|---|
| Lamu | 101,539 | 143,920 | 42,381 | karibu asilimia 42 |
| Kilifi | 1,109,735 | 1,453,787 | 344,052 | asilimia 31 |

Nani amekua zaidi? Wa Lamu atasema sisi, na asilimia inamuunga mkono. Wa Malindi atasema sisi, na safu ya waliozidi inamuunga mkono: Kilifi iliongeza watu zaidi ya mara mbili ya watu wote waliokuwamo Lamu mwaka 2019. Niliwahi kusikia mabishano ya namna hii yakiendelea tangu magharibi hadi isha, na waliobishana walikuwa na ukweli pande zote.

Anayepanga madarasa, vitanda vya hospitali na mabomba ya maji ashike idadi, kwani dawati hukaliwa na mtoto, halikaliwi na asilimia. Anayetaka kujua kama huduma zilizokuwapo zimebanwa kiasi gani ashike asilimia: mji uliokuwa na zahanati ya kutosha watu 100 sasa unaitaka itoshe 142.

Asilimia ikitoka kwenye kitu kidogo, shika moyo. Chama kikitoka wanachama 2 kikafika 6, kimekua kwa asilimia 200. Tangazo litaandika 200. Litaficha 6.

Wastani, au aliye katikati?

Hii ndiyo iliyonigharimu mimi mwenyewe. Miaka mingi nyuma nilitia pesa katika chombo kwa sababu niliambiwa wastani wa mapato ya vyombo vya namna hiyo. Wastani ulikuwa sahihi. Sikuwahi kuupata hata wiki moja.

Tuseme mashua kumi. Tisa kila moja hupata shilingi 6,000 kwa wiki. Ya kumi ni kubwa, ina mashine na sanduku la barafu, hufika maji makuu, hupata 96,000. Jumla ni 150,000, wastani ni 15,000. Itafute mashua inayopata 15,000: haipo. Sasa zipange kutoka ndogo hadi kubwa na utazame zilizo katikati: 6,000. Namba hii ya katikati vitabu huiita mediani, na ndiyo inayosema mtu wa kawaida anaondoka na nini.

Unayetaka kuingia kazi, kupanga nyumba au kujua mshahara wa kutegemea, omba ya katikati. Wastani uuache kwa anayetaka kurudi kwenye jumla, kama kikundi kinachokata asilimia fulani ya mapato yote: 15,000 mara kumi humrudishia 150,000, na ya katikati haiwezi kufanya hivyo.

Hata ardhi huonewa na wastani. Kwa sensa ya 2019 Kaunti ya Lamu ina watu 23 kwa kila kilomita ya mraba. Aliyesoma namba hiyo akiwa mbali atadhani tunaishi mbalimbali kama minazi ya shamba. Aje apite mtaa wa Mkomani hapa mjini, ambako vichochoro huwalazimisha watu wawili kupishana ubavu kwa ubavu huku punda anasubiri zamu yake, halafu aende msitu wa Boni atembee siku nzima. Hiyo 23 haiko Mkomani wala Boni.

"Maradufu", au "kati ya wangapi"?

Oktoba 1995, kamati ya Uingereza inayosimamia usalama wa dawa ilitoa onyo: vidonge vipya vya kupanga uzazi, vile vilivyoitwa vya kizazi cha tatu, huongeza maradufu hatari ya damu kuganda mishipani. Neno maradufu lilienea nchi nzima. Wanawake wengi waliacha vidonge mara moja. Lakini utafiti wenyewe ulionyesha hivi: kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya awali, 1 alipatwa, kati ya 7,000 waliotumia vipya, 2 walipatwa. Moja hadi mbili ni maradufu kweli. Ni mtu mmoja zaidi katika watu elfu saba. Na mimba yenyewe huleta hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge hivyo. Mwaka uliofuata, mimba zilizotolewa England na Wales zilizidi kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa 13,000. Linaniuma kila nikilifikiri, kwa sababu hakuna aliyesema uongo.

Kwa hiyo unaposikia "huongeza mara mbili" au "hupunguza nusu", iwe dawa, ugonjwa au ajali za boti, uliza: kutoka ngapi hadi ngapi, kati ya watu wangapi? Nusu ya hatari kubwa ni neema. Nusu ya hatari iliyokuwa karibu na hakuna, hutaiona maishani mwako. Namba ya mara ngapi inamfaa mtafiti anayetaka kujua nguvu ya sababu. Mgonjwa anayechagua, mpe ya kati ya wangapi.

Mtego mdogo wa jirani: riba ikitoka asilimia 4 hadi 6, mmoja ataandika imepanda kwa pointi mbili, mwingine imepanda kwa asilimia 50. Mkopaji azihesabu shilingi.

Wengi waliojitokeza, au wachache waliochaguliwa?

Mwaka 1936, kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani, jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura kwa watu wapatao milioni 10. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Kwa wingi huo likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mpima maoni aliyewauliza watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi sawasawa. Majina ya jarida yalitoka kwa wasomaji wake, vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki mwenye simu na gari hakuwa mtu wa kawaida. Tena waliorudisha kadi ni wale tu waliokuwa na hamu ya kurudisha.

Sisi hufanya hivyo hivyo. Mtu husimama uwanja wa Mkunguni saa nne asubuhi, akauliza watu mia mbili maoni yao, akaandika "wakazi wa Lamu wanasema". Saa nne mvuvi yuko baharini, wanawake wengi wako majumbani, wa Kizingitini na Faza, kisiwani Pate, hawako kabisa, na aliyeko Mkunguni ni mwenye nafasi ya kukaa Mkunguni. Kura ya kundi la WhatsApp ni mbaya zaidi, kwani anayebofya ni aliyekasirika au aliyefurahi sana.

Watu hamsini waliotolewa kwa bahati nasibu kutoka daftari la vijiji vyote nitawashika kuliko elfu mbili waliojileta. Hapa sioni upande wa pili. Wingi wa waliojileta unafaa kitu kimoja tu: kujua ni malalamiko gani yapo, bila kujua yameenea kiasi gani.

Jumla, au mafungu?

Hii ni ngumu kidogo, na nilipoielewa sikulala vizuri. Mwaka 1986 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya njia mbili za kutoa mawe ya figo: upasuaji wa kufungua, na njia ya tundu dogo. Waliopona walikuwa hivi:

| | Kufungua | Tundu dogo |
|---|---|---|
| Mawe madogo | 81 kati ya 87 (93%) | 234 kati ya 270 (87%) |
| Mawe makubwa | 192 kati ya 263 (73%) | 55 kati ya 80 (69%) |
| Wote | 273 kati ya 350 (78%) | 289 kati ya 350 (83%) |

Soma mstari wa chini: tundu dogo limeshinda. Soma mistari miwili ya juu: kufungua kumeshinda kwa mawe madogo, na kumeshinda kwa makubwa pia. Hesabu haina kosa. Kilichotokea ni kwamba wagonjwa wenye mawe makubwa, walio wagumu kupona, walipelekwa zaidi kwenye kufungua, na wepesi wakaenda kwenye tundu. Mstari wa jumla umepima nani alipewa kazi ngumu.

Kumbuka hili unaposikia hospitali kubwa ya Mombasa ina vifo vingi kuliko zahanati ya kisiwani. Zahanati ikishindwa, humpandisha mgonjwa boti na kumpeleka huko. Shule inayopokea watoto walioachwa na wengine nayo huonekana mbovu katika jumla. Ukiona wagonjwa au wanafunzi wamegawanywa kwa ugumu wao, dai mafungu. Jumla itoshe tu pale ambapo pande zote mbili zilipokea watu wa aina moja.

Chati inayoanzia sifuri, au isiyoanzia?

Kwa ufupi. Nguzo zikilinganisha kiasi, zianzie sifuri. Vinginevyo 52 kando ya 50 itaonekana kama mnara kando ya kibanda. Mstari wa joto au wa kina cha maji hauhitaji sifuri, kwani kinachotafutwa ni mwendo wake. Kabla ya kuitazama picha, soma namba za pembeni.

Karatasi ya tatu aliiandika mwana wa dada yangu pamoja na yule kijana wa karatasi ya pili, wakiwa mkekani kwangu na daftari katikati. Waliweka bamvua za kaskazi kwa bamvua za kaskazi, na kila kilo ikagawanywa kwa waliotoka siku hiyo, pale tulipoweza kuwakumbuka kwa majina. Nusu haikuonekana, ongezeko nalo halikuonekana. Kilichoonekana ni mtu kurudi na kidogo kuliko zamani, msimu baada ya msimu. Ilisomwa kikaoni kwa dakika tano. Bibi mmoja aliyewinda pweza tangu utotoni alisema hivyo ndivyo kikapu chake kinavyomwambia. Kipande cha mwamba kikafungwa, na daftari likachorwa safu mbili mpya: hali ya maji, na watu wangapi wametoka.